Uko peke yako na jambo hili? Uzi wa pa kupata habari za kweli na watu wa kuaminika ukiwa LGBT

Tulizo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Ujumbe wa faragha ninaoupata unafanana sana. "Nadhani mimi ni shoga." "Nampenda mwanamke mwenzangu." "Huu mwili nauona si wangu." Halafu swali ni lilelile: nianzie wapi? Wengine hawafiki hata hapo. Wanaandika "mambo", nikijibu wanapotea. Nimeona niandike hadharani ili na yule asiyeweza kuuliza asome.

Nimekuwa msikilizaji wa kujitolea kwenye simu ya msaada kwa miaka kadhaa. Ninachokijua nimekipata kwa watu waliopiga, na liko jambo limejirudia mpaka nimeliamini: anayetafuta watu kabla hajapata habari huumia kirahisi zaidi. Upweke humfanya mtu ashike mkono wowote atakaonyooshewa. Akikutana na tapeli, huyo ndiye rafiki yake wa kwanza. Akikutana na muuza "tiba", huyo ndiye daktari wake wa kwanza. Lakini aliyekwisha kusoma, hata kidogo tu, humsikiliza mtu huku anampima. Kwa hiyo ushauri wangu una mpangilio: soma kwanza bila kuonekana, kisha ongea na mtu mmoja asiyekujua, ndipo uende kwenye kundi. Sura yako na jina lako la kweli vije mwisho kabisa.

Nianze na kusoma. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1973. Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990, ndiyo maana siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kupinga chuki dhidi yetu. Kwa watu wa trans, yaani wanaojitambua kwa jinsia tofauti na ile waliyotajwa walipozaliwa, mambo yalichelewa: ni toleo la 11 la orodha ya shirika hilo, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, lililowatoa kwenye sura ya matatizo ya akili na kuwaweka kwenye sura ya afya ya kijinsia. Najua tarehe hazimfariji mtu anayelia usiku. Zinamsaidia kesho yake, pale mtu anayemheshimu atakapomwambia kuwa anaumwa.

Ukifungua ukurasa wowote jiulize: nani ameandika, aliandika lini, na mwishoni ananiuzia nini? Hilo la "lini" watu hulipuuza. Kuhusu sheria, ILGA World, shirikisho lililoanzishwa 1978, lina hifadhidata ya sheria za kila nchi. Nchi zaidi ya 60 bado zinaadhibu mapenzi ya jinsia moja, na hali hubadilika huku na huku: Botswana mahakama ilifuta adhabu hiyo 2019, Uganda ikapitisha sheria kali zaidi 2023, Mali nayo ikaingiza adhabu 2024. Ukurasa wa 2018 utakupotosha kuhusu nchi zote tatu, hata kama aliyeuandika alikuwa mtu mwema. Jua sheria ya mahali ulipo kabla hujamwandikia mtu neno lolote.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

---

Kimyakimya

Asante sana mkuu. Swali langu ni dogo. Huwa nafuta historia kila nikimaliza kusoma, lakini siku moja ndugu yangu alifungua simu yake na kurasa nilizosoma zikawa zinajitokeza kama mapendekezo. Sikuelewa ilikuwaje na sikuthubutu kuuliza.

---

WayaMwembamba

Kimyakimya, hiyo ni akaunti. Bila shaka akaunti moja ya barua pepe imeingia kwenye simu zote mbili, na kivinjari kinapeleka historia na mapendekezo kote. Kufuta upande mmoja hakutoshi kama kusawazisha (sync) hakujazimwa. Fungua mipangilio ya akaunti, angalia orodha ya vifaa vilivyoingia, toa akaunti yako kwenye simu isiyo yako, kisha tumia dirisha la faragha (incognito).

Ila dirisha la faragha lisikulevye. Linaficha historia kwa anayeshika simu hiyo tu. Mwenye mtandao, iwe kazini au shuleni, bado anaweza kuona ulikwenda tovuti gani.

Kuna mengine yanayowaponza watu kuliko historia yenyewe. Kibodi hujifunza maneno yako: ukiandika neno mara kadhaa, siku mama akianza herufi mbili za kwanza, simu inammalizia. Nenda mipangilio ya kibodi ufute maneno iliyojifunza. Arifa hujitokeza kwenye skrini hata ikiwa imefungwa, zizime zisionyeshe maandishi. Picha za skrini ulizopiga ili usome baadaye huenda zinapanda moja kwa moja kwenye albamu ya pamoja ya familia. Na faili ulizopakua zinakaa folda yake hata ukifuta historia yote.

Kuhusu kuchati: kundi la WhatsApp linaonyesha namba yako kwa wanakundi. Telegram haifungi mazungumzo ya kawaida kwa usimbaji wa mwisho kwa mwisho, yaani ule unaofanya wanaochati tu ndio waweze kusoma, mpaka uchague gumzo la siri, na makundi yake hayana kabisa. Signal tangu 2024 inakuruhusu kutumia jina la utumiaji na kuificha namba, na unaweza kuweka ujumbe ujifute. Mimi ningechagua hiyo, mradi kuwa nayo tu kwenye simu kusizue maswali pale ulipo. Hilo unalijua wewe.

---

Tulizo

WayaMwembamba, umenisaidia mno. Niendelee na hatua ya pili, mtu mmoja wa kuongea naye.

Simu za msaada za watu wetu zina historia ndefu. Switchboard ya London ilianza Machi 1974 katika chumba kidogo kwenye jengo la duka la vitabu karibu na King's Cross, na waliopokea simu walikuwa watu wa kujitolea, mashoga na wasagaji wenyewe. Watu walipiga kuuliza wapi pa kulala baada ya kufukuzwa nyumbani, wakili gani atakubali kesi, au kusikia tu sauti ya mtu mwingine aliye kama wao. Bado ipo.

Nieleze simu yenyewe inavyokuwa, maana wengi wanaiogopa. Unapiga. Mtu anasema "habari, nakusikiliza." Wewe husemi kitu. Hilo ni jambo la kawaida kabisa, simu nyingi huanza hivyo. Msikilizaji mzuri hakati na hakuhimizi. Baada ya muda atasema kwa upole, "niko hapa, chukua muda wako." Nimewahi kukaa na mtu aliyekuwa anapumua tu mpaka akasema neno moja, "samahani," akakata. Alipiga tena siku nyingine, akaanza kwa kusema yeye ndiye yule wa samahani, na safari hiyo akaongea. Huhitaji jina. Huhitaji kuwa na uhakika wewe ni nani. Unaweza kupiga kusema "sijui" na ikawa ndiyo mazungumzo yote.

Kabla hujafunguka, uliza mambo mawili: mnahifadhi namba yangu? Na kuna hali gani inayowalazimu kumwambia mtu mwingine? Sehemu nyingi wana wajibu fulani ikiwa mpigaji ni mtoto au maisha yako hatarini. Huduma ya kweli itakujibu bila kukasirika. Akianza kukuuliza unaishi mtaa gani, au kukusukuma ujitangaze, au kukutongoza, kata simu. Halafu kumbuka namba inabaki kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Kama hilo ni tatizo, tafuta zenye kuchati.

Za kutafutia: Find A Helpline hukusanya huduma za nchi nyingi na unaweza kuchuja kwa mada ya jinsia na mapenzi. Kwa vijana wa miaka 13 hadi 24 kuna TrevorSpace, jukwaa la Trevor Project, shirika la Marekani lililoanza 1998. Jukwaa hilo linapokea vijana wa nchi nyingine pia na lina waangalizi.

---

ZuhuraWaPili

Naomba niseme la dada zangu. Nikiingia karibu kila kundi nakuta wanaume. Mazungumzo ni ya wanaume, mikutano ni ya wanaume, hata habari za afya ni za wanaume. Ukiuliza la wanawake unaambiwa "na nyie mpo?" Halafu nyumbani shinikizo letu ni la aina nyingine, ni ndoa. Nimekaa nafikiri labda hatupo wengi.

---

Mkongwe

Dada Zuhura, mpo. Ila wanawake mara nyingi hujikusanya kwa njia isiyoonekana, na sababu ni hiyohiyo uliyoitaja: wengi hawana nafasi ya kutoka usiku, hawana pesa zao wenyewe, na wanaulizwa wanakokwenda.

Mwaka 1955 San Francisco wanawake wanane, yaani jozi nne za wapenzi, walianzisha Daughters of Bilitis. Walitaka tu pa kukutana na kucheza muziki pasipo kuvamiwa na polisi kama ilivyokuwa kwenye baa. Walikutana majumbani. Mwaka uliofuata wakaanza jarida lao, na mwanamke aliyekuwa mbali na kila kitu akawa analipata kwa posta. Ndicho kilikuwa chama cha kwanza cha wasagaji Marekani, na kilianzia sebuleni.

Ushauri wangu: usitafute tu palipoandikwa LGBT mlangoni. Angalia vikundi vya wanawake vya kusoma vitabu, vya michezo, vya sheria, vya afya ya uzazi. Sisemi ujitangaze humo. Sikiliza wanavyomzungumzia mwanamke asiyeolewa, utajua haraka kama pana hewa ya kupumua.

---

Msimamo

Nami niongeze la aplikesheni za kutafuta wapenzi, maana huko ndiko wengi wetu tunakoanzia hata Tulizo aseme nini.

Human Rights Watch walitoa ripoti Februari 2023 kuhusu Misri, Iraki, Jordani, Lebanoni na Tunisia, wakaonyesha jinsi polisi na watu binafsi wanavyotumia aplikesheni na mitandao kuwanasa watu, kuwatishia na kuwatoza pesa. Mtindo huo haukuishia nchi hizo. Mimi nimeuona, na unakwenda hivi:

"Uko wapi?"
"Tuma picha. Hapana, ya uso."
"Mbona unaogopa, huniamini?"
"Niko peke yangu leo tu, njoo sasa."

Yote hayo kabla hamjazungumza robo saa. Mtu mwenye nia njema, ambaye naye ana cha kupoteza, huwa na woga kama wako. Asiye na woga hata kidogo, anayetaka uso wako huku wake hauonekani kwenye simu ya video, huyo mwache aende. Picha unayotuma isiwe ile uliyoiweka kwingine, maana inatafutika. Picha pia hubeba taarifa za mahali ilipopigwa, zifute kwanza. Zima kipengele kinachoonyesha umbali wako kwenye aplikesheni: hata umbali tu, ukipimwa kutoka sehemu tatu, unatosha kuonyesha ulipo.

Mkikutana, iwe mchana, mahali penye watu, na mahali hapo upachague wewe. Mwambie rafiki mmoja saa utakayompigia. Na ukishatishiwa ulipe ili usianikwe, usilipe: akilipwa mara moja anajua utalipa tena. Hifadhi ushahidi, mfungie mawasiliano, mtafute wakili au shirika la haki kabla ya kwenda polisi, kwa sababu kuna mahali ambako polisi watakugeuka.

---

MamaWaWatatu

Samahanini kuingia kwenye mazungumzo yenu. Mimi ni mzazi. Mwanangu wa katikati amenieleza juzi kuwa yeye ni shoga. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka kunitazama, akasema hivyohivyo huku maji yanamwagika. Nilimwambia amalize kuosha tutaongea. Hatujaongea bado. Nampenda mwanangu. Sijui niseme nini, na sina wa kumuuliza, maana nikimuuliza mtu nitakuwa nimemtangaza mtoto.

---

Tulizo

Shikamoo mama. Karibu, na wala usiombe samahani.

Kwanza, umejizuia kumwambia mtu mwingine. Hilo peke yake ni ulinzi mkubwa, endelea nalo. Siri ni yake, yeye ndiye wa kusema nani ajue, hata kama mtu huyo ni baba yake au shangazi.

La kusema si lazima liwe refu. Aligeukia ukuta kwa sababu alikuwa anaogopa kuona uso wako. Sasa anahesabu kila saa unayokaa kimya. Leo hii, mkiwa wawili, mwambie: "Nimesikia ulichoniambia. Wewe ni mwanangu, hakuna kilichobadilika kwangu. Mengine sijui, utanisaidia kuelewa." Maswali ya lini, nani, na kwa nini yaache kwanza. Muulize moja tu: kuna mtu anayekutisha au kukuumiza? Jibu la hilo ndilo la haraka.

Na wewe mama unahitaji watu wako. Wazazi walishapita hapa. Jeanne Manford alikuwa mwalimu wa shule ya msingi New York. Mwanawe Morty alipigwa mwaka 1972 kwenye maandamano, mama akaandika barua kwenye gazeti akisema waziwazi ana mwana shoga na anampenda. Miezi michache baadaye akaandamana barabarani pamoja naye akiwa na bango la kuwaita wazazi wenzake, na vijana wakawa wanamkimbilia kumwomba aongee na wazazi wao. Machi 1973 akaitisha kikao cha wazazi kanisani, wakaja watu kama 20. Kutokana na kikao kile ikazaliwa PFLAG, shirika la wazazi na familia za watu kama sisi, na maandishi yao ya kuwasaidia wazazi yanasomeka mtandaoni bure.

---

BabaTu

MamaWaWatatu, mimi ni baba wa binti msagaji. Nikupe la vitendo: baada ya maneno hayo aliyokuandikia Tulizo, endelea na mambo ya kawaida. Mtume dukani, mgombeze akichelewa. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba siku nilipomgombeza kuhusu taa ya chumbani ndipo alipoamini bado ni mwanangu.

---

NjiaNyoofu

Nimesoma uzi wote. Mimi sikubaliani na haya mambo, na nadhani vijana wanaosoma hapa wanafundishwa. Mbona hamuwaelekezi kwenye ushauri wa kuacha?

---

Tulizo

Ndugu NjiaNyoofu, nakujibu kwa heshima kwa sababu wapo wazazi wanaofikiri kama wewe na wanasoma.

Huo "ushauri wa kuacha" nimewasikiliza watu waliopitishwa. Kufungiwa, kufunga chakula kwa lazima, kupigwa, kushtuliwa kwa umeme, kubakwa eti ili wabadilike. Victor Madrigal-Borloz, aliyekuwa mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu masuala haya, alipeleka ripoti Baraza la Haki za Binadamu mwaka 2020 akataka vitendo hivyo vipigwe marufuku duniani kote. Malta ilikwisha kuvipiga marufuku 2016. Hakuna aliyebadilishwa, wameumizwa tu. Siwezi kumwelekeza mtoto wa mtu huko.

Hakuna anayefundishwa kumpenda mtu kwa kusoma uzi. Wanaosoma hapa walikuwa hivyo kabla hawajafika, na swali lililobaki ni kama watabaki hai na salama.

---

JinaJipya

Mimi ni mwanamke wa trans. Naomba msitusahau, na hasa niseme la homoni, maana huko ndiko ukosefu wa habari unakoua.

Wengi wetu tunaanza na dawa tulizopewa na rafiki au tulizonunua kwa mtu asiyejulikana, kipimo tumekisia. Estrojeni inaweza kuleta kuganda kwa damu kwenye mishipa, zaidi kwa anayevuta sigara na kwa baadhi ya aina za vidonge. Testosteroni kwa kaka zetu huongeza wingi wa chembe za damu. Vyote hivyo hupimika. Daktari yeyote anayeweza kuagiza vipimo vya damu anaweza kukufuatilia, hata asiyewahi kumwona mtu wa trans, akiwa tayari kusoma. Kuna mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu wa trans, toleo la 8 la 2022, unapatikana bure. Mimi niliuchapisha kurasa zinazonihusu nikampelekea daktari wangu. Alinyamaza, akavaa miwani, akasoma jedwali lote la vipimo mbele yangu, kisha akasema tuanze na ini na mafuta ya damu. Sijui kama kila mmoja atapata wa hivyo. Ila usimngoje "bingwa" wakati mtu wa kawaida mwenye utu anatosha.

Na kabla ya dawa yoyote, yapo mambo yasiyo na hatari: jina unaloitwa na mtu mmoja unayemwamini, nguo, sauti, nywele. Watu huyadharau, kumbe ndiyo yaliyonivusha.

---

Huntha_na_Fahari

Nami niweke neno fupi. Sisi tuliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja, wengi tumefanyiwa upasuaji tukiwa wachanga na hatukuambiwa. Ukiwa na makovu usiyoelezwa, omba hospitali nakala ya faili lako. Sehemu nyingi ni haki yako. Malta ilikuwa nchi ya kwanza kukataza upasuaji usio wa lazima kwa watoto wasioweza kuridhia, mwaka 2015. Tafuta wenzako wenye hali ileile kwa jina la hali hiyo la kitabibu. Mara nyingi huko ndiko utakakoambiwa ukweli kuliko kwenye makundi makubwa.

---

MtuWaSala

Mnisaidie. Siwezi kuacha dini yangu. Kila kundi nililoingia watu wanaitukana. Nikienda ibadani nasikia natukanwa huko nako.

---

Mkongwe

Mdogo wangu, usikubali kulazimishwa kuchagua. Troy Perry alivuliwa uchungaji kwa sababu ya ushoga wake, na mwaka 1968 akaanzisha ibada nyumbani kwake karibu na Los Angeles, wakaja watu 12. Leo ni kanisa lenye matawi nchi nyingi, Metropolitan Community Church. Kwa Waislamu, Muhsin Hendricks wa Afrika Kusini alikuwa imamu aliyejitokeza wazi mwaka 1996 na akatumia maisha yake kuwapokea watu kama wewe. Aliuawa kwa risasi Februari 2025. Nakwambia hilo ili usije ukajitangaza ibadani kwa pupa ukidhani mema yanatosha kukulinda. Askofu Desmond Tutu naye alisema hadharani mwaka 2013 kwamba hataki mbingu inayowachukia mashoga.

Tafuta watu wa imani yako walio hivyo, wapo, na uwaombe wakuongoze kwenye maandiko yao. Kundi linalokutukania dini halijakufaa, hata kama ni la watu wetu.

---

NesiWaZamu

Haraka tu, niko kazini. Kama kuna aliyebakwa, au kondomu imepasuka na hajui hali ya mwenzake: PEP, dawa ya dharura ya kuzuia VVU, inaanza ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na humezwa siku 28. Usingoje mpaka upate kliniki "rafiki". Huhitaji kueleza ulilala na nani wa jinsia gani, sema tu "nimekuwa hatarini kuambukizwa". PrEP ni dawa ya kutumia kabla, kwa anayejua atakuwa hatarini. Na mwenye VVU anayetumia dawa mpaka virusi havionekani kwenye kipimo haambukizi wengine kwa ngono. Msimkimbie mtu kama huyo.

---

SafariNdefu

Kuna mtu ananiambia ana nafasi za wakimbizi wa LGBT, nitume pesa na nakala ya pasipoti. Ni kweli?

---

Tulizo

Si kweli, kaka. Huduma za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hazilipiwi, kuanzia kuandikishwa hadi kuhamishiwa nchi nyingine. Anayetaka pesa ili akuingize kwenye orodha ni mwizi. Mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia vinaweza kuwa sababu halali ya kuomba hifadhi, UNHCR walitoa mwongozo rasmi 2012, lakini kesi hupimwa mtu kwa mtu na huchukua muda mrefu. Rainbow Railroad ya Toronto, iliyoanza 2006, huwasaidia walio hatarini. Maombi hupelekwa kwao moja kwa moja, si kupitia wakala. Pasipoti usiitume. Kama ulikwisha kuituma, niandikie faragha tuone cha kufanya.

---

Kimyakimya

Nimefuata yote ya WayaMwembamba. Nilipiga ile simu juzi, nikakata. Sijui. Kuna usiku naona bora nisiwepo tu.

---

Tulizo

Kimyakimya, asante kwa kuliandika hilo. Nakuuliza waziwazi kwa sababu kuuliza hakumwongezei mtu wazo: unafikiria kujiua? Kama una kitu karibu unachofikiria kukitumia, kiondoe au toka chumba hicho sasa hivi, ukae walipo watu, hata usipowaambia kitu. Piga tena simu ileile, au ya dharura ya ulipo, na useme neno hilohilo, "bora nisiwepo". Huhitaji kugusia mambo ya mapenzi kama hutaki. Kukata simu mara ya kwanza ni jambo la kawaida, hawatakukasirikia.

Nipo mtandaoni mpaka usiku. Nimekutumia ujumbe faragha, jibu hata kwa nukta.

---

Kimyakimya

.

---

Tulizo

Nimeiona. Tuhamie huko.

---

ZuhuraWaPili

Poleni kwa kimya, nilikuwa nasoma. Kimyakimya, tupo nawe hapa sote.

Mkongwe, nimefuata ushauri wako, kwenye kikundi cha vitabu nimewapata wawili. Tunataka tuanze chetu. Tuzingatie nini?

---

Mkongwe

Nimefurahi, dada. Kwanza, orodha ya majina isiwepo kabisa. Najua kundi lililovunjika kwa sababu katibu alikuwa na daftari la majina na namba, na daftari likaibwa pamoja na mkoba. Mwenzenu mpya aletwe na mmoja anayemfahamu vizuri, mwingine akutane naye nje kwanza, ndipo aje. Picha marufuku, hata ya chakula mezani, maana pembeni huonekana mkono au pete. Mkubaliane mapema mtasema mko wapi mkiulizwa, na jibu liwe moja na la kweli: mnasoma kitabu. Basi kisomeni kweli.

La mwisho, watu hugombana na kuachana, hasa kundi likiwa dogo. Kubalianeni leo, mkiwa bado mnapendana, kwamba anayeondoka haondoki na siri ya mtu.

---

ZuhuraWaPili

Hilo la mwisho hatukuwa tumelifikiria. Tunakutana kesho, ndilo nitakaloanza nalo. JinaJipya, umesema wapi mwongozo ule unapatikana? Mmoja wetu ana mdogo wake anauhitaji.

---

JinaJipya

Tovuti ya WPATH yenyewe, dada. Akikwama aniandikie, nitamwonyesha kurasa za kuanza nazo.